Koti la Modesta Katika Chumba cha Giza

Kama gazeti lako la Jumamosi iliyopita lilifungiwa maandazi kabla hujafika ukurasa huu, ndugu msomaji, habari ni hii. Mke wangu Modesta alifariki. Msibani sikulia, na wakwe wakasema nina roho ya jiwe. Siku ya kuanua matanga, nguo za marehemu zilipogawiwa ndugu zake kama desturi inavyotaka, nilisimama mbele ya watu nikasema koti lake la mvua limeibwa kambani lilipoanikwa.

Halikuibwa. Lilikuwa chini ya godoro langu.

Niliposema limeibwa, nilisahau jambo moja. Kaka wa marehemu, shemeji yangu Ngosha, ni kamanda wa sungusungu, walinzi wa jadi, kijijini kwao. Miezi minane sasa alikuwa anamsaka mwizi. Wavuvi watatu wasio na hatia walikwisha kuhojiwa kwa sababu tu walikuwa na makoti ya buluu.

Koti lenyewe ungeliona usingenielewa. Modesta alilinunua mitumbani. La buluu, mgongoni lina nanga ya njano kubwa kama sinia na maandishi ya lugha ambayo hakuna aliyewahi kutuambia ni ya wapi. Alilivaa kila siku sokoni Mkuyuni akiuza dagaa, mvua inyeshe au jua liwake. Lilinuka dagaa kiasi kwamba baada ya msiba paka wawili wa jirani walihamia kwangu, na watu wakasema hata wanyama wananifariji.

Mifuko yake sikuwahi kuitia mkono. Modesta alipokuwa hai sikumpekua, na sikuona kama kufa kwake kumenipa ruhusa.

Sasa nieleze jinsi nilivyolitoa mafichoni mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, na kulitundika mbele ya halaiki.

Nafanya kazi Pasiansi, katika lililokuwa ghala la pamba la chama cha ushirika. Zamani nilikuwa karani wa mizani mle ndani. Soko huria lilipoingia, wanunuzi binafsi walikuja na mizani zao, mimi na mizani yangu tukaachishwa kazi siku moja. Baadaye wafadhili wakaligeuza ghala kuwa makumbusho. Mizani ikapandishwa juu ya meza, ikaandikiwa maelezo kwenye kadi. Mimi nikaajiriwa kuilinda. Mwenzangu akawa historia, mimi nikawa mlinzi wa historia.

Mkuu wa makumbusho ni Mzee Pius, mwalimu mstaafu. Ndiye aliyemwalika msanii aitwaye Teodora, binti wa Ukerewe aliyesoma sanaa Norwe miaka sita.

Mzee Pius alitegemea picha za kuchora, au walau vinyago. Teodora alishuka na ndoo nne za rangi nyeusi, shuka moja jeupe na msumari mkubwa. Alipaka madirisha yote ya chumba cha mwisho, akaziba nyufa kwa magunia, akaleta mabeseni ya magugu maji kutoka ufukweni, kisha akatoboa tundu moja ukutani, upande wa ziwani, la ukubwa wa sarafu ya shilingi. Akasema kazi imekaribia kwisha. Mzee Pius alikwenda kumeza dawa zake za presha.

Teodora aliniita niwe wa kwanza kuingia. Nikasimama gizani sioni kitu. Halafu taratibu, kwenye lile shuka lililotandwa ukutani, ziwa likatokea. Ziwa lenyewe, lenye mawimbi yanayotembea. Lakini lilikuwa juu, na mbingu chini. Mitumbwi ilining'inia kama popo. Mama mmoja alipita ufukweni na ndoo kichwani, miguu juu, na maji hayakumwagika.

Nilishika mlango nisianguke. Kisha nikakumbuka fizikia ya kidato cha tatu, mwanga na tundu dogo, mwalimu akichora mshumaa uliopinduka. Mtihani ule nilipata thelathini na mbili. Siku hiyo ndipo nilipoziona zile alama sitini na nane zilizobaki.

"Jicho lako nalo linaona hivi hivi, kaka Shigela," Teodora aliniambia. "Kichwa chini. Akili ndiyo inayogeuza."

"Na akili ikichoka?"

"Ndiyo maana nimejenga chumba."

Alitaka pia kutundika vitu vilivyoishi na ziwa: makasia, nyavu, magunia ya pamba, nguo. Vyote vining'inie chini juu, ili mgeni asiwe na hakika ni kipi kimepinduka, vitu, ziwa, au yeye mwenyewe. Akaomba kila mfanyakazi alete kimoja.

Wiki hiyohiyo Ngosha akatuma salamu. Anakuja mjini Ijumaa, atalala kwangu Mkuyuni, kwa sababu amepata fununu kwamba mwizi wa koti ameonekana Mwanza.

Nina godoro moja tu. Mgeni ndiye angelilalia.

Basi nikawaza lile giza la Teodora. Alhamisi nilibeba koti ndani ya mfuko wa sukari, nikamwambia nimeleta mchango wangu, ila liwekwe kona ya mbali kabisa. Hakuniuliza la nani. Alilifunga kwa uzi, mikono ikielekea sakafuni. Nilijipima mwenyewe: nikafunga mlango, nikatazama ile kona, nikaona giza tupu. Nikatoka nimeridhika.

Kosa langu ni kwamba nilikaa mle dakika moja tu.

Jumamosi ikawa siku ya ufunguzi. Mzee Pius alikodi turubai na viti. Nyuma ya ghala akina mama walipika pilau kwenye sufuria mbili kubwa. Mlangoni Teodora alibandika tangazo: VUA VIATU. NYAMAZA. KUMBUKA. Mimi niliwekewa meza chini ya turubai, na daftari la kuandika majina ya wageni. Nilivaa suti yangu nyeusi, maana suti ninayo moja, ile niliyomzikia Modesta.

Mtu wa kwanza alikuwa mama mmoja aliyekuwa anapita zake barabarani. Aliona turubai, akaona meza, akaniona mimi. Akaja na unga kichwani, akautua miguuni pangu.

"Pole sana, baba."

Mimi ni mjane, ndugu msomaji. Miezi minane watu wananipa pole. Nikamjibu nimeshapoa mama, nikaandika jina lake.

Akaja wa pili na mzigo wa kuni. Akaja mzee na mkongojo, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Wanaume wakasogeza viti, wakakaa wakizungumza bei ya pamba kwa sauti ya chini. Kabla ya saa nne walikwisha kuwasha moto pembeni ya turubai. Kijana mmoja wa kiwanda cha samaki aliniinamia sikioni akauliza tunazika saa ngapi. Nikamwambia ukweli, kwamba tulizika Februari. Akatikisa kichwa, akaenda kukaa chini kwa huzuni kubwa zaidi.

Mzee Pius alitoka akaona umati. Alifurahi hata akasahau kusalimia. Alisema yeye siku zote amesema wananchi wana kiu ya utamaduni, ni viongozi tu hawaamini. Akaagiza sufuria ya tatu.

Kundi la kwanza likaingia chumba cha giza. Walikwisha kuvua viatu. Akina mama walitandika vitenge wakakaa sakafuni, miguu wameinyoosha. Waliona nguo na makasia vinaning'inia, wakaona ziwa limegeuka, na mmoja akaanza kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti nyembamba. Wengine wakampokea.

Teodora alichungulia, akaanza kulia. Baadaye aliniambia sababu: kule Norwe watu walikuwa wanakaa dakika mbili, wanasema vizuri sana, wanauliza choo kiko wapi. Lakini akina mama walipomwona analia walijua moja kwa moja kuwa ndiye binti wa marehemu. Wakamkumbatia, wakamkalisha katikati, wakamfunga kitenge kichwani. Hakutoka tena.

Mgeni rasmi alikuwa afisa utamaduni. Aliteremka kwenye gari akitabasamu, akatazama turubai, moto, akina mama wanaoimba. Tabasamu likaisha. Akavua kofia, akakunja hotuba yake akaitia mfukoni, akamnong'oneza Mzee Pius kwamba ni vibaya kumwacha mtu aje kwenye msiba bila taarifa, angevaa vingine.

"Msiba gani?" Mzee Pius akauliza.

Wote wawili wakatazama. Nilimwona mzee wa watu akihesabu mambo moja moja kwa macho: turubai, kuni, unga, suti yangu. Akanijia taratibu.

"Shigela. Umewaambia nini watu hawa?"

"Shikamoo mwalimu. Sijawaambia kitu. Walisema pole, nikasema nimeshapoa."

Akageuka akatazama sufuria. Mwisho akasema basi tunyamaze. Pilau limeshaiva, na watu waliokuja na kuni zao huwezi kuwaambia kuwa hakuna aliyekufa, watakasirika.

Ndipo nilipoiona filimbi.

Ilikuwa shingoni kwa Ngosha. Alikuja na fimbo yake na koti kuukuu la jeshi. Asubuhi nilimwacha nyumbani na chai na chapati nne, nikamsihi apumzike. Alipumzika nusu saa, kisha akasikia sokoni kwamba shemeji yake ana msiba Pasiansi.

"Shemeji," akasema, na sauti yake ilikuwa na maumivu, "umefiwa tena na hunambii?"

Nilimwapia kuwa hakuna msiba, ni maonyesho tu. Alitazama pembeni, mama mmoja alikuwa anapenga kamasi kwenye upindo wa kitenge.

"Watu wanalia, shemeji."

Nikamwambia ndani hakuna kitu cha kuona, ni giza. Akasema giza ndilo kazi yake. Akavua makubazi, akaingia. Mimi nikaacha daftari nikamfuata nyuma, na Mzee Pius na mgeni rasmi wakaingia nyuma yetu.

Mlango ukafungwa. Nikatazama kona yangu: giza. Nikashukuru.

Nikatazama tena: kulikuwa na kitu cha njano.

Hapo ndipo nilipojifunza somo ambalo hata fizikia haikunipa. Giza la Teodora lilikuwa giza la muda. Ukikaa nalo, macho yanazoea, na ziwa lenyewe pale ukutani linatoa mwanga wake kidogo, linamulika vitu kimoja kimoja. Kwanza ikaja nanga. Kisha mgongo. Kisha mikono miwili iliyoning'inia kuelekea sakafuni, kama mtu anayetafuta sarafu iliyomponyoka. Na ile harufu. Watu wawili mbele yangu walianza kuulizana kama chakula ni dagaa.

Ngosha bado alikuwa ameduwaa mbele ya shuka, akishangaa ng'ombe waliokuwa wanakunywa maji wakiwa angani. Alisema polepole kwamba hao ng'ombe wamefungwa vibaya. Nikajisogeza nyuma hatua kwa hatua, nia yangu niling'oe koti, nilikunje, nilitie ndani ya beseni la magugu.

Nilikuwa nimebakiza hatua tatu mlango ulipofunguliwa akaingia Tereza.

Tereza aliuza samaki meza moja na Modesta miaka tisa. Zaidi ya hapo, ukoo wake na ukoo wa Modesta ni watani tangu enzi za mababu. Na wewe msomaji unajua kazi ya mtani msibani. Anavaa nguo za marehemu, anamwigiza, anawachekesha waliokauka kwa huzuni, na nguo hairudishi mpaka abembelezwe. Lakini Modesta alipokufa Tereza alikuwa amelazwa, amepasuliwa kidole tumbo. Msiba ule ulipita bila mtani. Ulikuwa mkavu. Tuliketi siku saba tukitazama vidole vya miguu yetu.

Sasa alikuwa amesikia sokoni kwamba kuna turubai Pasiansi na Shigela amekaa mezani na suti. Alipoliona koti kwa mwanga wa mlango alioacha wazi akatoa kicheko kidogo, akakata uzi kwa meno.

"Nimechelewa miezi minane," akasema. "Foleni ya hospitali mnaijua."

Akalivaa. Akapandisha mabega kama Modesta, akatia mkono mmoja kiunoni kama Modesta, na sauti iliyotoka ilikuwa ya Modesta, nakuambia nywele zilinisimama.

"Dagaa wa leo, wateja. Hawa hapa wa leo. Wale wa juzi msiwaguse, wa mume wangu."

Chumba kizima kikacheka. Teodora alicheka ndani ya kitenge chake. Hata mgeni rasmi alicheka, akajifanya anakohoa.

Tereza akanizunguka. Akanishika tai, akaiangalia kama mtu anayekagua samaki aliyelala. Akawaambia watu mume huyu alikuwa na mizani ya kupima tani nzima ya pamba, lakini nyumbani hakuweza kujua chumvi imezidi. Akawaambia usiku ninakoroma kwa Kiingereza. Kisha akarudi mlangoni, akalikung'uta koti kwa nguvu, mara mbili, kama Modesta alivyokuwa akifanya kila jioni ya mvua akirudi sokoni, matone yakinirukia usoni nami nikilalamika.

"Sogea, Shigela," akasema. "Nimekuletea ziwa."

Nilicheka. Nilicheka hadi nikashika ukuta. Halafu kicheko kikageuka njiani, sijui ni wapi, nikajikuta nimekaa sakafuni nalia kwa sauti, mtu mzima na tai, miezi minane yote kwa mkupuo mmoja. Akina mama wakasema ahaa, sasa huyu naye kafiwa.

Filimbi ikalia.

Ndani ya chumba kile ilikuwa kama treni. Ngosha alikuwa ameiona nanga.

"Hilo koti ni la dada yangu," akasema. "Mwizi ni huyu."

Ningesema pale pale. Nilifungua mdomo, lakini nilikuwa na kwikwi. Tereza hakungoja. Sungusungu hawana sifa ya kusikiliza kwanza. Akachomoka mlangoni, na mlango ukajibamiza nyuma yake, giza likarudi, na ziwa likarudi.

Na ndani ya ziwa, Tereza. Alitokea kwenye shuka akikimbia ufukweni kichwa chini, koti la buluu linapepea, nanga mgongoni. Ngosha hakutafuta mlango. Alimwona pale mbele yake, akamrukia. Tulisikia kishindo. Aliposimama ziwa zima lilikuwa limemwagika kwenye kifua chake, ng'ombe wanakunywa maji begani, na Tereza anakimbia miguu juu kutoka kwapa moja hadi kwapa la pili. Alijikamata tumbo kwa mikono yote miwili. Hakupata kitu.

"Amepita," akasema.

Tereza akafika kwenye jiwe, akakaa kupumua. Pale ukutani alikaa hewani. Akatia mkono mfukoni, nadhani alitafuta leso.

Akatoa kitu cheupe.

Akakigeuza huku na huku. Mabega ya Modesta yakashuka, yakawa ya Tereza. Hakuwa anachekesha tena. Akainuka, akaanza kurudi kuelekea kwetu, akawa mkubwa, mkubwa zaidi, mpaka buluu ikajaza shuka lote, halafu chumba kikawa cheusi. Alikuwa ameziba tundu.

"Shigela," sauti yake ikapenya. "Hii imetoka mfukoni. Mwandiko ni wake, ila macho yangu ya kusomea nimeyaacha nyumbani. Na mimi siingii humo kwenye filimbi."

Karatasi iliyosokotwa kama sigara ikapita tunduni, ikaanguka sakafuni. Mwanga ukarudi. Ilikuwa kati ya miguu yangu na ya Ngosha.

Ngosha aliiokota. Akaishika kwa vidole viwili, kwa heshima, akanipa. Yeye hakwenda shule. Alichunga ng'ombe wa baba yao ili Modesta amalize darasa la saba.

"Soma kwa sauti, shemeji. Wote tusikie. Labda dada amemtaja mwizi."

Nikaisogeza penye mwanga wa tundu. Herufi zilikuwa kubwa, zimeegemea upande mmoja, kama alivyoandika bei za dagaa kwenye kipande cha boksi. Mistari mitatu tu. Nikaipitia kimya.

*Shigela, ukisoma hii mimi nimeshakufa, na najua umelificha koti. Mpe kaka Ngosha, yeye ndiye analala nje kwenye mvua na sungusungu wake, wewe una nyumba. Usibishe.*

Nikainua macho. Mzee Pius alikuwa anapapasa mifuko yake, miwani ameiacha ofisini; mgeni rasmi alikuwa amejibanza mlangoni tangu filimbi ilipolia. Teodora alikuwa amezungukwa na akina mama. Kwenye shuka Tereza alikuwa amerudi kwenye jiwe lake, koti amelikunja magotini, kichwa chini juu ya maji, akisubiri kuambiwa kama yeye ni mwizi au mtani.

Hapakuwa na mtu mwingine wa kusoma ila mimi.

"Tunakusikiliza, shemeji," Ngosha akasema, na akavua kofia.

Nikasafisha koo. Nikaishika karatasi kwa mikono miwili, kama mtu anayefuata mstari kwa macho.

"Mume wangu mpendwa," nikasoma.

Maneno hayo hayakuwamo kwenye karatasi.